Stata Inapiga, Gari Haliwaki

Ndugu zangu mafundi, wanafunzi wa ufundi, na ninyi madereva mliojibanza kule nyuma karibu na mlango kana kwamba habari hii haiwahusu, salamu kwenu nyote. Nashukuru kwa kunialika, na nashukuru zaidi kwa kukubali nije na injini yangu juu ya stendi, maana imekula nafasi ya viti vinne na inanuka petroli.

Kabla sijaendelea naomba kimya. Kijana, piga stata. Sekunde tano tu. Haya, achia.

Mmesikia nini?

Huyu hapa mbele anasema plagi. Yule anasema pampu. Kuna sauti pale katikati inasema nibadilishe sensa, tena imesema kwa uhakika kabisa. Sasa angalieni kilichotokea: nimewauliza mmesikia nini, mkanijibu mtanunua nini. Hakuna aliyesema injini inazunguka haraka au polepole, hakuna aliyesema mdundo wake uko sawa au umepinda. Hiyo ndiyo ramli ya gereji, na mimi nimeipiga miaka mingi kuliko wengi wenu, kwa hiyo nazungumza kama mganga aliyeacha kazi.

Leo nina jambo moja. Gari linapiga stata, injini inazunguka, haiwaki. Kifaa chochote kisihukumiwe mpaka kipimo kimoja kimeshuhudia dhidi yake. Gari ambalo ukigeuza ufunguo linatoa mlio mmoja mkavu na kunyamaza ni kesi nyingine, ya betri, nyaya nene na stata yenyewe, na sitaigusa.

Tuanze na sikio. Mwaka 1912 Cadillac walipotoa magari yenye stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering, madereva walipumzika na ile hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono. Hendeli ile iliweza kurudi nyuma kwa nguvu ikamvunja mtu mkono, kwa hiyo simlaumu yeyote aliyeitupa. Ila aliyeizungusha alikuwa na faida moja: kila silinda alihisi ukinzani wake kiganjani. Silinda iliyochoka aliijua kabla ya gari kuwaka. Sisi kiganja tumekipoteza, tumebaki na masikio, na hata hayo hatuyatumii.

Injini nzima ya silinda nne ikizungushwa na stata ina mdundo. Wu-wu-wu-wu. Kila "wu" ni pistoni moja inapanda ikikandamiza hewa. Stata inalemewa kidogo, kisha inapata nafuu, kisha inalemewa tena. Ukisikia wu-wu-wu-wiii, wu-wu-wu-wiii, kuna silinda moja haikandamizi. Ukisikia gu… gu… gu, injini inazungushwa kivivu mno. Ukisikia wiiiiii, sauti laini isiyo na mipigo, tena ya haraka kuliko ulivyozoea, toa mkono kwenye ufunguo hapohapo.

Hiyo ya mwisho nitaikalia kidogo kwa sababu ndiyo yenye hasara. Sauti laini namna ile mara nyingi maana yake mkanda wa taimingi umekatika au umeruka meno. Krankishafti, ule mhimili wa chini uliounganishwa na pistoni, inazunguka; kamshafti, mhimili wa juu unaofungua valvu, imesimama; valvu zilizokutwa wazi zimebaki wazi, hewa haikandamizwi popote. Katika injini nyingi pistoni na valvu hutumia nafasi ileile kwa zamu, na mkanda ndio unaopanga zamu. Mkanda ukienda, zinagongana. Unaweza kuwa na valvu ambayo bado imenusurika, na wewe kwa kuendelea kupiga stata ukaipinda mwenyewe. Kwenye injini nyingi ukifungua kifuniko cha kujazia oili ukamulika na tochi, unaiona kamshafti au sehemu yake. Mwenzako azungushe krankishafti kwa spana, taratibu, kidogo tu. Kama chini kunazunguka na juu kumetulia tuli, umeshapata jibu na hujatumia hata senti.

Ile ya kivivu nayo ina siri. Stata hujitahidi kuizungusha injini mizunguko kama 200 kwa dakika. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Weka multimita, yaani kipima umeme, kwenye vichwa vya betri, mwenzako apige stata, uangalie namba inashuka mpaka wapi. Ikienda chini ya 9.6 hivi, usiendelee na uchunguzi mwingine wowote. Stata inaweza kuwa bado inazunguka, hafifu, huku kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imeshazimia, kwa hiyo hakuna cheche wala nozeli ya kupulizia mafuta inayofunguka. Umeme umetosha misuli, haukutosha akili. Watu wamebadilisha vitu vya bei kubwa kwenye magari yaliyokuwa yanadai betri tu.

Na jamani, stata ipumzike. Sekunde kumi, halafu ngoja dakika nzima. Kuikamua mfululizo ni kutwanga maji kwenye kinu, na unamaliza betri unayoihitaji kwa vipimo.

Sasa madereva, sogeeni. Ninyi ndio mashahidi wakuu, na kwa kawaida hamuulizwi kitu. Gari lilizimika likitembea, au liliegeshwa likiwa zima na asubuhi likakataa? Lilianza kukosa nguvu kabla? Injini ilioshwa kwa maji ya presha? Mafuta yalijazwa lini, na je, una hakika yalikuwa ya aina yake? Ulipita kwenye shimo kubwa? Nauliza shimo kwa sababu yako magari yenye swichi ya usalama inayokata umeme wa pampu gari likipata mshtuko mkali. Hujificha kwenye buti au karibu na miguu ya abiria, na dawa yake ni kubonyeza kitufe. Nikiuliza kama kuna mafuta, usinioneshe geji. Floti ndani ya tangi hukwama, na geji ikakuambia robo tangi huku pampu inakoroma hewa. Mimina lita tano kwanza, tuendelee kuzungumza.

Angalia pia taa ya ufunguo au ya kufuli kwenye dashibodi. Ikimetameta kwa namna usiyoizoea, imobilaiza, ile kinga ya wizi, haijautambua ufunguo wako. Baadhi ya magari yatapiga stata vizuri sana yakikunyima mafuta. Mengine yatawaka sekunde mbili na kuzima. Jaribu ufunguo wa akiba. Nimekaa chini ya gari saa nzima kwa ajili ya ufunguo uliokuwa umefuliwa na suruali.

Tukishavuka hapo ndipo tunaingia kwenye injini yenyewe. Injini ya petroli inataka hewa iliyochanganyika na mafuta, inataka mkandamizo, inataka cheche, na vyote vifike kwa wakati. Hilo mmefundishwa na mtalisema hata usingizini. Ambalo halisemwi ni kwamba unaweza kuigawa kesi nusu kwa nusu kwa spana moja. Piga stata sekunde kumi, kisha fungua plagi moja uitazame. Imelowa petroli? Mafuta yanafika, kwa hiyo kinachokosekana kiko upande wa moto, au wa mkandamizo, au mafuta yamezidi. Imekauka kabisa, haina hata harufu? Hangaika na mafuta, na achana na koili, kile kifaa kinachozalisha umeme wa cheche. Nusu ya vitu ulivyokuwa unavishuku vimeachiwa huru. Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hazisomeki kirahisi hivyo, lakini pua karibu na ekzosi bado inasaidia.

Plagi zikitoka zimelowa chapachapa, jaribu hili kabla ya mengine: kanyaga mafuta mpaka chini, uendelee kukanyaga, upige stata. Kwenye magari mengi ya petroli yenye kontroli boksi, hiyo ni amri ya kufunga nozeli wakati wa stata. Inaingia hewa tupu, petroli iliyozidi inakauka. Na kama gari limehangaishwa siku nzima, petroli imeshaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi za pistoni hazizibi tena, mkandamizo umeshuka. Kijiko kidogo cha oili kwenye kila tundu la plagi kinaweza kuirudisha hai. Litatoa moshi mwingi likiwaka, usiogope.

Cheche ipimwe kwa testa yenye mwanya, iliyobanwa kwenye chuma cha injini. Msishike waya kwa mkono ili kuonesha ushujaa. Koili inatoa volti kwa makumi ya maelfu, na wakati huohuo tundu la plagi lililo wazi linatema mvuke wa petroli. Toa kwanza fyuzi ya pampu. Ukikuta cheche hakuna kwenye silinda zote nne, tulia ufikiri. Koili nne hazifi usiku mmoja. Tafuta kitu kinachozilisha zote: fyuzi, rilei kuu (swichi inayofunguliwa na umeme), ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), au taarifa ambayo kontroli boksi inaisubiri ili iamuru cheche.

Taarifa hiyo inatoka kwenye sensa ya krankishafti. Kuna gurudumu lenye meno. Kwenye injini nyingi limegawanywa nafasi 60 na meno mawili yameachwa kwa makusudi. Sensa inahesabu meno yakipita, ikifika kwenye lile pengo kontroli boksi inajua pistoni ya kwanza iko wapi. Hesabu isipokuja, kontroli boksi inaamini injini imesimama, na haitoi cheche wala mafuta kwa injini iliyosimama. Kwa hiyo ukipiga stata, tupia jicho sindano ya mizunguko kwenye dashibodi. Kwenye magari mengi inainuka kidogo, kama mtu anayeinua kope. Ikilala sifuri kabisa, sensa hiyo au waya wake iwe mshukiwa wako wa kwanza, kisha thibitisha kwa mashine au kwa multimita. Gari linalozimika likipata joto, likagoma kabisa, na baada ya nusu saa likawaka kama halijafanya kitu, mara nyingi ni hiyohiyo. Nimewahi kuimwagia sensa kikombe cha maji baridi, gari likawaka, mwenye gari akanitazama kama mchawi.

Sasa nije kwenye pampu, ambako nina aibu yangu ya kukiri.

Ukifungua swichi bila kupiga stata, pampu ya umeme kwa kawaida huunguruma kama sekunde mbili ili ijaze presha, kisha inanyamaza. Mzee mmoja aliniletea gari ambalo pampu yake haikuunguruma. Nikafanya mnayofanya. Fyuzi nzima. Rilei nikaibadilishana na ya honi iliyofanana nayo, hakuna kitu. Nikachomoa soketi ya pampu chini ya kiti cha nyuma, nikaweka multimita, mwenzangu akafungua swichi: volti 12. Safi kabisa. Nikamwambia mzee, baba, umeme unafika, pampu haifanyi kazi, pampu imekufa. Hoja ilikuwa imenyooka. Mzee akanunua pampu mpya. Nikaifunga jasho likinitoka, nikaunganisha, nikafungua swichi.

Kimya.

Mzee alikuwa amekaa juu ya tairi la akiba. Hakusema neno. Angesema ingekuwa afadhali.

Nilichokosea ni hiki. Multimita haivuti umeme wa maana. Waya uliooza ukabaki na uzi mmoja mwembamba kama unywele bado utakuonesha volti 12, kwa sababu hakuna mzigo. Ukiunganisha pampu, ikataka ampia zake tano au zaidi, uzi ule haupitishi. Hizo ni volti za mapambo. Nilirudisha soketi mahali pake, nikachoma pini za multimita kwa nyuma ya soketi huku pampu ikijaribu kufanya kazi. Volti 12 zikaanguka zikawa 5. Nikahamisha pini: moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye waya wa ethi wa pampu. Hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri, sehemu moja au mbili za kumi ya volti. Palisoma volti 7. Yaani umeme karibu wote ulikuwa unakwama kwenye njia ya kurudi. Niliufuata waya ule chini ya zulia mpaka kwenye boliti moja iliyofungwa kwenye bodi, imevaa kutu ya kijani, imezungukwa na unyevu. Msasa, dakika tatu. Pampu mpya ikaunguruma. Nikairudisha ya zamani ili nijue ukweli wote, nayo ikaunguruma.

Fedha ya mzee nilimrudishia kwa awamu. Tangu siku ile sipimi umeme pasipo mzigo. Kama huna multimita, balbu ya taa ya mbele yenye nyaya mbili ni shahidi mkweli kuliko multimita ya bei kubwa: ikiwaka hafifu mahali pa pampu, waya ni mgonjwa.

Pampu ikiunguruma haimaanishi presha ipo. Funga geji kwenye reli, lile bomba linalogawia nozeli mafuta. Mifumo mingi ya kawaida ya petroli inataka kama baa 3, yaani paundi 40 na ushee. Kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho. Pampu iliyokwama, wakati mwingine ukigonga chini ya tangi kwa mpini wa mbao huku mwenzako anapiga stata, inazinduka. Ikizinduka umepata jibu, hujapata tiba. Itakufa tena, na itachagua mahali.

Mkandamizo sina mengi ya kusema. Geji ya kompresheni ipo, tumieni. Ninachoangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda kuliko namba yenyewe. Zote zikiwa chini sawasawa, rudi kwenye taimingi.

Dizeli haina plagi ya cheche. Joto la hewa iliyokandamizwa ndilo linalowasha. Rudolf Diesel alilithibitisha hilo kwa injini iliyofanya kazi mwaka 1897, na mpaka leo swali la kwanza kwa dizeli isiyowaka ni moshi. Piga stata, tazama ekzosi. Moshi mweupe ukitoka, mafuta yanaingia ila hayachomeki: baridi, plagi za joto zinazopasha silinda kabla ya kuwasha, mkandamizo, au stata ya kivivu. Hakuna moshi kabisa, mafuta hayafiki. Filta imeziba, hewa imeingia kwenye bomba, au reli haijapata presha. Dizeli za kisasa hazifungui nozeli mpaka reli ifike baa 200 na zaidi wakati wa stata, na nozeli moja inayovuja inatosha kuinyima reli presha hiyo. Chukua mafuta kidogo kutoka kwenye filta, yatie kwenye chupa ya kioo uyaache yatulie: maji yatakaa chini, utayaona kwa macho.

Mambo mawili hapa yanaua, kwa hiyo nayasema polepole. Usilegeze bomba la presha kubwa la dizeli ya kisasa huku stata inapiga. Mchirizi mwembamba usioonekana unapenya ngozi, na mtu hupoteza kidole au mkono kwa tundu dogo kama la sindano. Na ile dawa ya kupuliza ya kuwashia magari, usiipulize kwenye dizeli yenye plagi za joto. Inaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni.

Naona kijana ameinua mashine yake ya kusoma makosa, ananiuliza kwa macho mbona siitaji. Ni mashine nzuri. Iunganishe mapema, hata kabla ya spana. Ila ikikuandikia P0335, imekuambia saketi ya sensa ya krankishafti ina tatizo. Saketi ni sensa, waya, soketi, ethi, na meno ya gurudumu. Haikukuambia nenda kanunue sensa. Mimi naitumia zaidi kwenye ukurasa wa data hai: mizunguko inasomeka wakati wa stata? Presha ya reli inapanda? Sensa ya joto la maji inadai injini ina nyuzi ngapi? Nimeona gari lililolala usiku mzima linadai maji yana nyuzi 110, na kwa uongo huo linanyimwa mafuta ya kuwashia baridi.

Basi, turudi kwenye stendi. Asubuhi hii niliitega hii injini hitilafu moja. Sikuvunja kitu, na kwa macho kila soketi inaonekana imekaa mahali pake. Betri ni hiyo, pimeni wenyewe. Petroli nimemimina kwa mkono wangu. Dashibodi ile niliyoifunga kwa waya pembeni inafanya kazi, sindano ya mizunguko ikiwemo. Dada wa shati la bluu, wewe peke yako ulinyamaza nilipouliza mmesikia nini, ukawa bado umeinamisha sikio. Njoo ushike ufunguo. Wengine, wawili waangalie sindano, mmoja akae na multimita kwenye betri, na tafadhali mtu asiniambie plagi.

Sekunde tano. Piga.